Mafundo ya Bibi Merewai

Kila asubuhi, saa moja kasoro, Alumita aliteremka kinyumenyume kutoka maktaba hadi lango kuu la chuo, huku akizungumza na ndege. Ni hatua mia nne na kumi. Bi Roshni wa ofisi ya udahili alikuwa amewafundisha wanafunzi wanaotembeza wageni kwamba mgeni hapewi kisogo: unatembea ukimtazama, unatabasamu, na unasema. Kutabasamu Alumita aliweza. Kutembea kinyumenyume alijifunza, baada ya kutumbukia mara mbili kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kusema ndiko kulikomshinda. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, wa kuomba chumvi mezani kwa macho. Kwa hiyo aliikariri hotuba nzima ya kurasa saba, neno kwa neno, na kila asubuhi akawasomea kwezi waliokuwa wakidonoa nyasini, ambao hawakuwa na maswali.

"Chuo chetu ni kikubwa kuliko vyote visiwani humu," aliwaambia asubuhi ile, "na ni cha umma, maana yake ni chako. Kina wanafunzi elfu kumi na nne, vitivo sita, mabweni tisa na maktaba yenye vitabu laki tano. Ukitazama mkono wako wa kushoto..."

Kisigino chake kikagota kitu laini.

"Uuwi!" kitu kile kikapiga kelele. "Nimevamiwa!"

Alumita akageuka. Lilikuwa paja la mwanamume mnene aliyeketi kwenye mkeka, na mkeka wenyewe ulikuwa umetandikwa katikati ya lango kuu. Juu yake walikaa watu kumi na watano waliovaa nguo za kanisani, wametulia kama watu waliofika kwao. Nyuma yao lilisimama lori lenye turubai, na nyuma ya lori gari la mikate lilikuwa likipiga honi kwa uchungu. Mbele ya wote alisimama mlinzi, Mzee Setareki, amelishika daftari la wageni kifuani kama ngao.

"Nimewaambia waandike majina wapite," alimlalamikia Alumita. "Hawataki."

"Hilo daftari linaweza kutukaribisha?" aliuliza bibi mwembamba aliyekaa mbele. Mapajani alipakata fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, limefungwa vizuri kwa kamba. "Sisi tumekuja na mizizi yetu ya kuombea njia, kama watu. Hatuingii kwenye ardhi ya wenyewe kwa kuandika andika. Mkuu wa mahali hapa yuko wapi? Aje apokee."

Hotuba ya kurasa saba haikuwa na ukurasa wa jambo hili.

"Milango inafunguliwa saa tatu, bibi," Alumita alinong'ona. "Leo ni Siku ya Wageni. Mmewahi sana."

"Tumetoka Delaivutia tangu juzi. Hapo tumewahi nini?"

Delaivutia! Alumita alijua kwamba asipoulizwa neno jingine ataokoka. Lakini bibi alikwisha kuuliza.

"Na wewe, mwanangu, kwenu ni wapi?"

Mtu anaweza kudanganya mengi, lakini si kwao. "Nakuruvesi," alisema.

Mkeka mzima ukalipuka.

"Mla-mkia! Jamani, mla-mkia huyu hapa! Tena ananikanyaga!"

Zamani, kabla ya kanisa, mizimu ya vijiji hivi viwili, ndugu wa tumbo moja, iligombania mkia wa samaki aitwaye mkunga. Watu wa Nakuruvesi husema mkia uliliwa Delaivutia. Watu wa Delaivutia husema hayo ni maneno ya mtu mwenye mafuta mdomoni. Basi tangu siku hiyo ni watani. Mtani humtukana mtani mbele ya mchungaji na hapana ugomvi. Mtani akikitaka kitu cha mtani wake hukichukua bila kuomba, na mwenye kitu hana ruhusa ya kununa wala kunyima. Akinyima, aibu si yake peke yake, ni ya kijiji kizima.

Kabla Alumita hajameza mate, yule mtu mnene, Jovilisi, mjomba wa kila mtu kwenye ule mkeka, alikuwa amemvua kofia yake ya njano ya utembezaji na kuivaa. Mama mmoja alifungua mkoba wa Alumita, akatoa muhogo wa kuchemsha na samaki aliokuwa ameuweka kwa ajili ya mchana, akaugawa hapo hapo. Jovilisi alirudi tena, akaichomoa beji ya jina kwenye blauzi na kuibandika kwenye kifua chake kipana. Bibi mwenyewe alichukua mwavuli wa Alumita, akaufungua, akaukagua, akaufunga.

"Nilikuwa naona haya kuingia mjini bila mwavuli," alisema. "Ahsante kwa kunipa kwa moyo mweupe, mla-mkia."

Mtani mwenye meno angemjibu. Angemwambia achukue tu, maana kule Delaivutia mvua yenyewe huogopa kushuka kwa harufu ya watu. Alumita aliyajua matusi hayo yote, bibi yake mzaa mama alikuwa bingwa wake. Yalimfika mpaka kwenye meno, yakageuka, yakarudi yalikotoka. Akatabasamu tu.

"Ah! Mtani gani huyu?" Jovilisi alisikitika kweli. "Hata kutukana hajui! Ndiyo elimu yenyewe hii? Wanawang'oa meno?"

Gari la mikate likapiga honi tena. Mwishowe aliyeokoa siku ni Mzee Setareki. Alilaza daftari chini, akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akapokea ile mizizi kwa mikono miwili. Alisema maneno marefu na mazuri, akawakaribisha kwa niaba ya chuo, ya walimu, ya miti na ya geti lenyewe. Wote wakapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa. Dereva wa mikate alikuwa ameshuka kuja kugomba, lakini alipoona mambo yalipofikia, naye akachuchumaa akapiga makofi.

Bi Roshni aliwakuta wakikunja mkeka. Alikuwa mama mfupi mwenye funguo nyingi na haraka nyingi. Alipoelezwa, alitazama saa yake.

"Sawa. Alumita, kundi hili ni lako, anza nalo mapema. Mwombaji wetu ni yupi?"

Vidole kumi na vinne vikaelekea nyuma, kwa msichana mrefu aliyesimama karibu na lori, mikono kwenye mifuko ya gauni lake. Mifuko ile ilining'inia kwa uzito.

"Ni mjukuu wangu, Kelera," alisema yule bibi. "Barua yenu ya kumkubali imefika. Wazee wakaniambia: Merewai, wewe ndiye uliyemlea tangu anatambaa, nenda ukakikague hicho chuo, neno lako ndilo neno." Akatoa kwenye mkoba utepe mrefu wa jani la mkadi, wa kusukia mikeka. "Basi nitakikagua. Kosa moja, fundo moja. Yakifika kumi na mawili tunapanda lori, tunarudi naye."

"Kwa nini kumi na mawili?" aliuliza Bi Roshni.

"Kwa sababu utepe unaishia hapo," alisema Bibi Merewai. Akafunga la kwanza, akalikaza kwa meno. "Hili la lango."

Wakapanda. Alumita alitangulia kinyumenyume, kichwa wazi, bila beji, akiwaza kwamba hajawahi kuona mtu aliyekuja kukagua huku amekwisha kuamua.

"Ukitazama mkono wako wa kushoto," alianza, "utaona kitivo cha sheria..."

"Kwa nini anakwenda hivi?" mama mmoja alimuuliza mwenzake.

"Anaficha mgongo. Anadhani tutauchukua nao."

"Ni kamba huyu," alisema Jovilisi. "Kamba wa mtoni ndiye anayerudi nyuma akiona sufuria."

Ngazi za kwenda maktaba zilipata fundo la pili, kwa kuwa zilikuwa nyingi, na fundo la tatu, kwa kuwa zilipoisha palikuwa na nyingine. Ndani ya maktaba Bibi Merewai alisimama mlangoni kwa muda. Vijana mia mbili walikuwa wameinamia meza, hakuna aliyeinua uso.

"Wamegombana?" aliuliza.

"Hapana, bibi, wanasoma. Maktaba yetu iko wazi saa ishirini na nne, ina viti elfu moja na mia mbili, na..."

"Huyo kapita nyuma ya vichwa vya wenzake wima kama mnara. Hakuinama, hakusema tulou, hakuomba radhi. Na yule naye! Na yule!" Utepe ulifungwa mafundo matatu kwa mpigo. "Watu elfu na mia mbili, hawana hata salamu moja ya kugawana."

Kelera alikuja nyuma ya wote. Hakusema kitu tangu asubuhi. Kila bibi yake alipofunga fundo, mkono wake ulijikunja ndani ya mfuko.

Kwenye ukumbi mkubwa wa mihadhara waligundua kwamba Jovilisi hayupo. Waligundua hivyo kwa sababu sauti yake ilikuwa ikitoka ukutani.

"...na hapa ndipo wanafunzi mia tano hukaa kumsikiliza mtu mmoja," ilisema, nene na yenye mwangwi. "Mimi naitwa Alumita. Ninatoka Nakuruvesi, kijiji maarufu kwa ulaji wa mikia."

Alumita akasukuma mlango. Jovilisi alikuwa jukwaani, kofia ya njano kichwani, kipaza sauti mkononi. Mbele yake walikaa wageni wapatao thelathini wasiomjua, wazazi na watoto wao kutoka Lautoka na Ba, ambao walimwona langoni na beji wakamfuata kwa imani. Mzazi mmoja alikuwa akiandika.

"Mwalimu akikosea humu ndani," Jovilisi aliendelea, "nani anamwambia? Hakuna. Ndiyo maana wameweka viti vya kulalia."

Wageni wakacheka. Yule mzazi akaandika na hilo. Bi Roshni aliingia kwa mlango wa pili, akamtazama Jovilisi, akaitazama beji, akamtazama Alumita kwa jicho lililouliza maswali manne kwa wakati mmoja.

"Ni mtani wangu, Bi Roshni," Alumita alisema kwa sauti ambayo hata kwezi wasingeisikia.

Bi Roshni alizaliwa Rakiraki, aliishi na majirani wa kila kijiji, naye alijua kwamba dhidi ya neno hilo hakuna kanuni ya chuo. Akapumua. "Basi mwambie Alumita huyo asisahau kuwapeleka maabara," alisema, akaondoka na funguo zake. Bibi Merewai akaufungia ukumbi fundo, kwa ajili ya vile viti vya kulalia.

Kwenye bwalo, Bibi Merewai aliinua kipande cha gimbi kwa uma, akakitazama kwenye mwanga. "Hiki ni chakula au ni sampuli?" Fundo. Mchuzi wa majani ya magimbi alisema umeona tui kwa mbali tu, labda njiani. Fundo. Akala, hata hivyo, na akala na sehemu ya Alumita, kwa haki ya utani. Alumita tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Bweni la wasichana lilikuwa kwenye kilima. Alumita aliwaonyesha chumba chake mwenyewe, vitanda viwili, meza mbili, dirisha moja la kutazama mvua. Bibi Merewai aligeuza komeo la mlango mara tatu.

"Linafunga kwa ndani?"

"Ndiyo, bibi. Mabweni yetu yana usalama wa hali ya juu na mazingira rafiki kwa..."

"Mtoto akiumwa tumbo usiku, nani anaingia kumfunika shuka?"

"Kuna... kuna namba ya kupiga simu."

Bibi Merewai akafunga fundo bila kuliangalia. Kisha akaketi kwenye kitanda kitupu, akamwangalia Alumita kwa mara ya kwanza kama mtu anayeangalia mtu.

"Hebu niambie, mjukuu. Wewe mwenyewe ulipokuja hapa, ulilia siku ngapi?"

Alumita alikuwa amelia wiki sita. Alikuwa akishuka kwenye chumba cha kufulia nguo, anawasha mashine isiyo na nguo, na kulia ndani ya mngurumo wake ili asisikike. Hakuna mtu aliyejua. Mama yake hakujua. Na kurasa saba zilikuwa zimesimama mbele yake, tayari, zimenyooka kama foleni.

"Wanafunzi wapya," alisema, "hupokewa kwa wiki ya utambulisho yenye michezo na burudani."

Bibi Merewai alifunga fundo taratibu kabisa. "Hili si la chuo," alisema. "Hili ni lako."

Kilichobaki kilikuwa kitivo cha sayansi. Bibi Merewai alisema miguu yake imekwisha, atakaa nje kwenye benchi. Watu wake wakatawanyika kumtafuta Jovilisi, aliyesikika kwamba sasa ana wafuasi hamsini na anawaelekeza jikoni. Kwa hiyo Alumita na Kelera waliingia wawili tu kwenye chumba cha mawe.

Kilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya vioo, na ndani yake mawe, kila moja na kikaratasi chake. Alumita alifungua mdomo aseme kwamba kitivo kina wahadhiri arobaini, lakini akamwona Kelera. Msichana yule alikuwa ametoa mikono mifukoni, na mifuko ilikuwa imejaa mawe. Aliyapanga juu ya kioo, moja moja, kila moja mbele ya mwenzake.

"Hili lenu wameandika limetoka kisiwa chetu," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Ni kweli, ila wameokota chini, ufukoni. Langu ni la juu mlimani. Angalia vitobo vyake, dada. Langu liliiva zaidi kwenye moto wa volkano, likapoa haraka. Sijui kwa nini vitobo viko upande mmoja tu. Nina daftari zima la kutojua."

"Bibi anajua?"

"Bibi anasema mawe hata kwetu yapo." Kelera akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mafundo yamefika kumi na moja."

"Nimeyahesabu."

"Atalipata la mwisho. Angelipata hata tungempeleka peponi. Angesema malaika hawana adabu."

"Kelera. Wewe unataka kuja?"

Kelera alichukua jiwe moja, akalifuta kwa gauni ingawa lilikuwa safi. "Nataka mpaka nalala vibaya. Lakini dada, mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano. Ndiye ninayemsomea Biblia. Nikisema mbele yake kwamba nataka, ni kama nimesema simtaki yeye. Siwezi. Nilidhani wewe utasema kitu."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye mwenye kusema hapa?"

Alumita alimsaidia kukusanya mawe na kuyarudisha mifukoni, moja moja.

Nje, Bibi Merewai alikuwa bado kwenye benchi, amenyooka, mwavuli wa Alumita magotini. Utepe ulikuwa umeisha.

"Nimekaa hapa," alisema. "Watu sitini wamepita, nimewahesabu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula, wala natoka wapi, wala kama nimepotea. La kumi na mbili." Akamtazama Alumita bila utani wowote. "Na hili si la kubuni, mwanangu."

Alumita alijua si la kubuni. Kati ya yote, hilo ndilo fundo lililomchoma.

Langoni, lori lilikuwa limekwisha kugeuzwa. Mkeka ulipakiwa. Jovilisi alirudi akiwa na mkate mrefu kwapani, ambao hakuna aliyemuuliza ulitoka wapi, na nyuma yake familia tatu za Lautoka zilizotaka kumuaga. Mzee Setareki alishikana mikono na kila mtu. Bibi Merewai alipandishwa mbele, karibu na dereva, na Kelera akaweka mguu kwenye ngazi ya nyuma ya lori. Hakulia. Alikuwa ameshika mifuko yake isimwagike.

Bi Roshni alisimama pembeni na orodha yake. "Basi, tumempoteza," alisema polepole. Akachukua kalamu akate jina.

Alumita aliiona ile kalamu. Aliuona mguu wa Kelera kwenye ngazi. Kurasa zote saba zikapita kichwani mwake kwa kasi, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyofaa. Ndipo akafika mahali ambapo kurasa ziliishia, na hapo akamkuta bibi yake mzaa mama, amekaa, anamsubiri, anacheka.

Alichuchumaa katikati ya barabara mbele ya lori, akakunja viganja, akapiga makofi matatu mazito. Dereva akazima injini.

"Watani!" Alumita aliita.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. Kwezi wakaruka nyasini, labda kwa mshangao.

"Wala-mkia wa Delaivutia, nawasemesha nyinyi! Nyinyi mnaojifuta mdomo mpaka leo na mafuta ya mkunga hayatoki! Tangu asubuhi mmenichukulia kofia. Mmekula muhogo wangu, tena mmeula mkilaumu hauna chumvi. Bibi huyu hapa amekula mpaka gimbi langu, mtu mwembamba hivi, sijui anaweka wapi. Mmechukua mwavuli. Mmechukua jina langu, mkampa dume hili linalotembea nalo kama nguo ya kuazima. Nimenyamaza au sikunyamaza?"

"Umenyamaza," alisema Jovilisi, kinywa wazi, uso wake ukianza kung'aa kwa furaha.

"Nimenyima kitu?"

"Hukunyima!" walijibu watu wa kwenye lori.

"Basi sasa zamu yangu." Alinyanyuka, akaenda hadi nyuma ya lori na kumshika Kelera mkono. "Namtaka huyu. Namchukua. Ninyimeni muone kama hadithi yake haitafika Nakuruvesi kabla ya lori lenu kufika bandarini."

Hata familia za Lautoka zilielewa kwamba jambo limefanyika. Kelera alitazama kiganja kilichomshika, kisha taratibu mguu wake ukatoka kwenye ngazi na kukanyaga chini. Hakusema anataka. Hakuulizwa. Alikuwa amechukuliwa.

Mlango wa mbele wa lori ukafunguliwa. Bibi Merewai alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa dereva, akaja hadi kwa Alumita. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana akiwa amekaa.

"Wiki sita, bibi," Alumita alisema, sasa kwa sauti yake ndogo ya siku zote, kabla hajaulizwa. "Uliponiuliza nililia siku ngapi, nilikujibu maneno ya karatasi. Nililia wiki sita, kwenye chumba cha kufulia, nikiwa nimewasha mashine. Hakuna aliyeingia kunifunika shuka. Mafundo yako yote ni ya kweli. Lakini kile kitanda ulichokalia ni kitupu, na Februari kitakuwa chake. Komeo hatutalifunga. Akiumwa tumbo nitakuwa hatua mbili kutoka kwake. Akitaka kulia atalia kwa sauti, na mimi nitakuwepo."

"Kumbe ana meno," alisema Bibi Merewai, akiwageukia watu wake. "Jamani, mla-mkia ana meno! Alikuwa ameyaficha!"

Lori likatetemeka kwa vigelegele na makofi. Jovilisi aliruka chini, akavua kofia ya njano, akamvika Alumita kwa heshima kubwa, kisha akabadili mawazo, akaivua tena. "Hapana. Hii nimeizoea," alisema. Bi Roshni alirudisha kalamu mfukoni na kuangalia upande mwingine, akitafuta leso kati ya funguo zake.

"Kilichochukuliwa na mtani hakirudishwi," Bibi Merewai alisema. "Unajua hivyo."

"Najua. Lakini Krismasi nitakuja nacho, nije niwaibie nguruwe."

Bibi Merewai hakucheka. Alikuwa ameushika utepe wenye mafundo, anaupitisha vidoleni, fundo baada ya fundo, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea kusuka. Kisha akauweka kwenye kiganja cha mjukuu wake, akakikunja kile kiganja kwa mikono yake miwili, lakini alipozungumza alimtazama Alumita, maana kumtazama Kelera hakuweza.

"Ngazi zenu hazina neno, mwanangu," alisema. "Hata yale magimbi yalikuwa mazuri. Mimi naogopa tu kurudi kwenye nyumba ambayo yeye hayumo."